Siku Koko Alipomwona Papa Akila

Harufu ya mafuta ya viazi yaliyokaangiwa tangu asubuhi, na kesho yake yakakaangiwa tena, ndiyo inayonirudisha kule hadi leo. Sisemi harufu ya chipsi za moto, maana hizo nazipenda kama mtu yeyote aliyekulia Brussels. Nasema ile harufu nzito inayonata kwenye nywele na kwenye sweta, iliyochanganyika na dawa ya kufutia sakafu, na siki, na mbwa aliyelowa mvua. Ukifungua mlango wa mkahawa ule ilikupiga usoni kabla hujaona meza hata moja. Nilikuwa na miaka kumi, na nilisimama mlangoni nimeziba pua kwa vidole viwili huku mama yangu akinifinya begani. "Furaha, toa mukono ku pua. Batu banakuangalia." Hakuna aliyekuwa akiniangalia. Watu walikuwa wanakula, na kwa jinsi walivyokula, heri ningeziba na macho.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Papa alikuwa ameshinda bahati nasibu ya parokia yetu ya Schaerbeek, mtaa wetu wa Brussels, yeye ambaye hajawahi kushinda hata mchezo wa karata, na zawadi yenyewe ilikuwa siku tatu kwa familia nzima katika bustani moja ya michezo pembeni mwa jiji. Huko kulikuwa na bembea za kila aina, vigari vinavyopanda juu na kuporomoka watu wakipiga mayowe, hoteli ndogo ndani kwa ndani, na milo yote ilikuwa katika mkahawa mmoja tu. Papa alipoitwa jina lake alicheza mpaka padri akapiga makofi. Mdogo wangu Amani, aliyekuwa na miaka sita, alilala wiki nzima na karatasi ya picha za vigari chini ya mto. Lakini Papa hakuwa na haja na vigari. Alimtazama Koko, akasema, "Maman mukwe, safari hii ni ya kwako."

Koko ni bibi yangu mzaa mama. Vita vilimfukuza Bukavu akiwa na kitenge kimoja na rozari, na baada ya miezi mingi ya kuhangaika na makaratasi akatufikia, akalala kitandani mwangu, kichwa chake upande wangu wa ukuta. Alinisuka kila Jumamosi. Alinikuna mgongo mpaka nilale. Nikitukanwa shuleni, alikuwa akiniuliza jina la aliyenitukana, kisha analitamka vibaya makusudi mpaka nacheka. Sasa, kwa desturi ya kwetu, mama hawekwi kwa binti yake wakati ana mtoto wa kiume aliye hai na mwenye nyumba, na Koko alikuwa na mtoto wa kiume katika mji wa Liège, mjomba wangu Tonton Deo, mwenye nyumba ya ghorofa na bustani ya maharage. Kila Jumapili Tonton alipiga simu kumdai mama yake, na kila Jumapili Koko alijibu, "Ntaona." Mwishowe Tonton akachoka. Akasema atakuja na gari Jumapili ileile tutakayotoka kwenye bustani, na Koko atampa jibu moja: anabaki kwetu au anaondoka. Papa alitaka abaki. Mama alitaka zaidi. Mimi nilitaka kupita wote, na nilijua kabisa kitu kinachomfanya asite, maana nilikiona kila siku na kilinichefua.

Kitu chenyewe ni hiki. Mkwe na mama mkwe wake hawaonani wakila. Si suala la kupenda au kutopenda. Ni heshima, na wazee wa kwetu waliishika kwa mikono miwili. Mwanamume asione mdomo wa mama mkwe wake ukitafuna, wala mama mkwe asione wa kwake. Kule kwetu milimani kila mtu ana nyumba yake na jiko lake, kwa hiyo si kazi ngumu. Schaerbeek tulikuwa na vyumba viwili na ujia mmoja. Koko alikula chumbani kwetu, amekaa kitandani, mlango umefungwa. Papa alikula sebuleni. Papa akitaka kwenda msalani wakati wa chakula, alikohoa mara mbili kwenye ujia, na Koko akaifunika sahani yake kwa kitenge, akasubiri mpaka asikie maji. Siku moja msichana wa darasani kwangu alikuja kucheza, akaniuliza bibi amefanya kosa gani hadi afungiwe chumbani na chakula chake. Nilimwambia anaumwa. Niliona aibu, na aibu ikageuka kinyaa. Kile kikohozi cha Papa cha uongo, kile kitenge chenye alama za mchuzi, mkorogo wa harufu ya samaki na shuka zangu! Nilisema moyoni, watu wazima wawili wanaopendana, wanafichana midomo kama wezi. Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikaona heri utumwa.

Ijumaa jioni tukaingia mkahawani, watu watano na mvua juu yetu. Mnyama wa bustani ile, yaani yule wa kuchorwa kwenye kila kitu, alikuwa sungura. Wahudumu walivaa masikio ya sungura. Juu ya bakuli za sukari kulikuwa na sungura. Kulikuwa hata na sungura mkubwa wa manyoya, mtu mzima ndani yake, aliyezunguka mezani akikumbatia watoto, na alipomkumbatia Amani nilisikia harufu ya jasho la wiki nzima ikitoka shingoni mwake. Halafu nikasoma ubaoni chakula cha siku hiyo. Sungura kwa plamu kavu. Naapa. Watoto walikuwa wanapigwa busu na sungura huku wanatafuna paja la sungura, na wazazi wao wanapiga picha. Nilimsomea Koko kwa Kiswahili. Akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Hawa bazungu banakula mwenyeji wao." Mama alicheka mpaka akajifuta macho.

Mhudumu, mwanamke mwembamba aliyepaka rangi nyekundu mpaka kwenye meno, alitupeleka meza ya ishirini na saba. Meza moja, ya duara, viti vitano vimezunguka. Papa akamwomba kwa upole kama tunaweza kupata meza mbili. Yule mama akajibu kwamba mvua imejaza ukumbi, kila familia ina meza yake na namba yake, na tiketi ya familia ikitobolewa imetobolewa. Papa angemweleza nini? Amwambie kwamba akimwona mama wa mke wake anatafuna kome atakuwa amemvunjia heshima? Akasema, "Bon." Akatuketisha sisi, akajipapasa mfukoni kama mtu aliyesahau kitu, akatangaza kwamba hana njaa na anataka kuona bembea. Bembea zilikuwa zimefungwa kwa mvua. Nilimwona kupitia dirishani amesimama chini ya paa la duka la puto, mwamvuli mkononi, ametupa mgongo kwa adabu.

Na sisi tukala, kama ile ni kula. Kome waliletwa kwenye masufuria meusi, wamefungua midomo, ndani yake kitu cha rangi ya chungwa kinachotetemeka kama kamasi ya mtoto mwenye mafua. Majani yao machungu, yale meupe yaliyofungwa ndani ya nyama ya nguruwe na kumwagiwa jibini, yalitoa maji ya kijivu ukiyachoma uma. Kwenye meza ya vyakula vya kujipakulia mtoto mmoja alitumbukiza mkono mzima kwenye bakuli la chokoleti, akaulamba, akautumbukiza tena, na babu yake akamsifu kwa hamu nzuri ya kula. Hakuna aliyenawa. Sikuona beseni, sikuona birika, sikuona mtu hata mmoja aliyeinuka kwenda bombani, na hao hao walikuwa wametoka kushika vyuma vya bembea na pua zao wenyewe. Mzee wa meza ya jirani alipuliza kamasi kwenye kitambaa cha nguo, akakifungua akakitazama, akakikunja akakirudisha mfukoni, kisha akachukua mkate kwa mkono uleule akamkatia mke wake.

Lakini kilichonimaliza ni mbwa. Alikuwa mbwa mdogo mweupe mwenye utepe, na hakuwa chini ya meza. Alikuwa kitini, kiti chake mwenyewe, amefungiwa kitambaa shingoni. Walipomaliza kula, mama mwenye mbwa alisukuma sahani yake mbele ya yule mnyama, naye akailamba mpaka ikang'aa. Mhudumu mwenye meno mekundu akaja, akaipandanisha sahani ile juu ya nyingine, akamkuna mbwa kichwani na kwa mkono huohuo akatuletea vijiko vya kitindamlo. Koko aliishika sahani yake kwa ncha za vidole, akaitazama chini na juu. "Hii ya kwangu," akauliza taratibu, "iliramba nani jana?" Hakula tena. Nami nilikwenda msalani nikatapika kome wawili nilioonja ili nionekane shujaa.

Papa alirudi baada ya Koko kuondoka, akakuta meza imepanguswa. Akalala na njaa. Asubuhi tukajaribu kupeana zamu: Koko na mimi tuende mapema, Papa na wengine waje baadaye. Tukatobolewa tiketi sisi wawili, na Papa alipofika saa tatu akaambiwa familia ya ishirini na saba imeshakula. Mama alibembeleza, akapewa mikate miwili kwa ajili ya Amani. Papa alicheka tu. Alisema yeye ni mtoto wa mlimani, njaa ni ndugu yake. Sikucheka. Saa nne na nusu, nikimtafuta Amani, nilipita nyuma ya vyoo vya karibu na bembea ya farasi, nikamkuta Papa wangu peke yake, amesimama kati ya mapipa ya taka, anakula mkate wa sukari wa kuchomwa kwenye chuma. Alikuwa amegeukia ukuta. Nyigu walikuwa wanazunguka mapipa, kitu cheupe kilichooza kilikuwa kinachuruzika karibu na kiatu chake, na yeye anameza haraka haraka huku anakohoa, mara mbili, kwa mazoea, ingawa Koko hakuwepo. Mtu aliyeshinda zawadi! Zawadi yake anailia chooni! Nilirudi nyuma kabla hajaniona, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niitupie nani. Sikuweza kumtupia Papa. Nikaitupia desturi.

Nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Tonton anakuja kesho. Koko anasita kwa sababu ya maisha haya ya kujifungia na kukohoa. Basi wakionana mara moja tu, mara moja, wakaona kwamba mbingu haikuanguka, mambo yatakwisha. Tutakula mezani kama watu, na Koko atabaki kitandani kwangu mpaka niwe mkubwa. Niliona ni jambo rahisi kama kung'oa jino bovu. Nikaingia mkahawani kabla ya saa ya chakula nikimvuta Amani kwa mkono. Katikati ya ukumbi kulikuwa na nguzo nene iliyovishwa majani ya plastiki yenye vumbi, na nyuma ya nguzo kulikuwa na meza ndogo ya mtu mmoja, mahali wahudumu walipokuwa wakiweka vikapu. Ukiketi pale humwoni mtu wa meza ya ishirini na saba, naye hakuoni. Ila ukuta wote wa pembeni, kutoka mlangoni hadi jikoni, ulikuwa kioo. Nikamkalisha Amani kwenye kiti cha Papa, nikaenda kukaa nyuma ya nguzo, nikatazama kioo. Amani alinitolea ulimi. Niliuona ulimi wote.

Mchana nikawatangazia kwamba nimepata dawa. Mhudumu alikubali kuondoa vikapu, kwa kuwa tulibaki familia ileile ya tiketi moja, tumetenganishwa na nguzo tu. Papa alikwenda kukagua mwenyewe. Alikaa kwenye meza ndogo, akainama kushoto, akainama kulia, akatazama nguzo kwa makini. Kioo hakukitazama, maana nani anatazama kioo anapokagua nguzo? Akaja akaniwekea mkono kichwani. "Huyu mutoto iko na akili kutupita wote," akasema. Mama alinibusu. Sijawahi kusifiwa vile, kabla wala baadaye, na sifa ile niliila yote.

Koko aliketi nyuma ya nguzo, kitenge kichwani, macho kwenye sahani. Nilimpakulia mwenyewe: viazi, karoti, kipande cha samaki mweupe asiye na ladha ya kitu chochote. Akasali, akaanza kula, na nikaona bega lake linashuka, kama la mtu aliyetua mzigo. Upande wa pili Papa alikuwa na nusu ya kuku na rojo la tufaha, kwa sababu watu wale humpaka kuku jamu wakaita chakula. Alikuwa na njaa ya siku nzima. Akaacha kisu na uma, akamshika kuku kwa mikono, akararua. Mafuta yakamchuruzika hadi kidevuni, rojo likamshika kwenye masharubu, na Amani akasema kitu cha kijinga, Papa akacheka kinywa kikiwa kimejaa, nyama ikionekana. Nilikuwa nimesimama kando ya Koko. Ningeweza kunyamaza. Nataka hili lieleweke, maana kwa miaka mingi nililipamba: kioo hakikufanya kitu. Koko hakuwa na haja ya kuinua kichwa. Alikuwa anakula vizuri. Mimi ndiye niliyemgusa mkono nikasema, "Koko, angaliya kule mbele."

Akaangalia. Na kwa sababu mtu akitazamwa huhisi, au kwa sababu nimelaaniwa, Papa naye aliinua macho wakati huohuo. Wakaonana kwenye kioo, yeye na mfupa mdomoni, Koko na shavu limevimba kwa kiazi. Haikuchukua muda wowote. Koko alitoa kile kiazi mdomoni kwa vidole, akakiweka pembeni mwa sahani, akavuta kitenge mpaka kidevuni. Papa aliuangusha mfupa kwenye rojo. Aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka, mbwa wa utepe akaanza kubweka, watu wote wakageuka, sasa ndipo wakatuangalia kweli. Yule sungura mkubwa wa manyoya, akidhani ni mchezo, akamjia Koko kwa nyuma akamkumbatia. Koko alilia. Hakupiga kelele, alilia ndani ya kitenge, na yule mjinga wa manyoya akaendelea kumbembeleza, akimtikisa kulia na kushoto kwa furaha, mpaka Mama akaja akampiga sungura kofi la sikio. Sijawahi kukichukia kitu kama nilivyowachukia watu wale waliokuwa wanacheka, midomo yao imelowa.

Wote walikilaani kioo. Papa alikilaani kwa Kifaransa, Mama alikilaani kwa lugha ya kwetu ya mlimani, na Papa akajilaani mwenyewe kwamba alikagua nguzo akasahau ukuta. Hakuna aliyeniuliza mimi. Mtoto aliyetafuta meza alikuwa amekosea kama mtoto, basi. Usiku ule Koko alinipa mgongo kitandani, kwa mara ya kwanza, na nilipomgusa akasema amechoka.

Jumapili, tukiwa tumesharudi nyumbani, Tonton Deo alikuja, akapaki juu ya ukingo wa barabara, akapanda ngazi akihema. Koko alikuwa ameshavaa viatu. Papa alimwomba mbele ya wote, akasimama huku ametazama sakafu kama inavyostahili, "Maman, mutusamehe. Mubakie." Koko naye akijibu alitazama dirisha. Alisema, "Mutoto wangu, haukukosa. Lakini siwezi kukaa mu nyumba yenye mukwe wangu aliniona namna ile. Kila nikimeza nitakumbuka." Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo baya, maana hasira ningeibembeleza. Alinipaka mate kidogo kwenye paji la uso, baraka yao, akashuka. Kwa desturi jambo lile lilitakiwa lioshwe kwa kuku, na Papa, ambaye hakuwa mtu wa kuacha deni la heshima, alizunguka masoko mpaka akapata jogoo hai, akampeleka Liège kwa treni ndani ya sanduku la viatu vya buti lenye matundu, abiria wakihama viti kwa harufu. Koko alimpokea jogoo, akamsamehe mkwe wake rasmi, akamtumia kuku jike kwa mkono wa Tonton. Mambo yakawa safi. Ila hakurudi. Tulimtembelea Pasaka na Noeli, na kila nilipomkuta alikuwa mdogo kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka tukaitwa kumzika. Majuto ni mjukuu, husema Waswahili. Nyumbani kwetu mjukuu alikuwa mimi, na nilikwenda makaburini na siri yangu nikarudi nayo.

Sasa naishi Auderghem, karibu na msitu, na mume wangu ni mtu wa huku huku, Mflemi mpole asiyejua kukohoa kwenye ujia. Nyumba yetu haina kuta kati ya jiko na meza isipokuwa mlango mmoja wa kusukuma, na ndivyo watu wanavyozipenda nyumba siku hizi: kila mtu aone kila kitu. Watu wanakula kwenye tramu, wanakula barabarani, wanajipiga picha na kijiko mdomoni na kuwatumia wasiowajua. Mbwa bado wako mkahawani, na sasa wana bakuli zao zenye majina. Mimi mwenyewe sina la kusema, nakula sofani na sahani kifuani. Papa alishatutoka, na Mama huja kwangu kila Jumapili kutoka Schaerbeek, anaketi mkabala na mume wangu, anapokea sahani, anakoroga, anasifu, anasimulia habari za parokia, na mwisho anasema ameshiba. Miaka kumi na miwili sahani yake hurudi jikoni ikiwa imejaa nusu na zaidi. Nilidhani anadharau upishi wangu. Tulishagombana kwa hilo, nikamwambia basi aje na chakula chake.

Jumapili moja mwaka huu niliinuka kufuata chumvi jikoni, nikamkuta Mama yuko huko. Alikuwa amesema anakwenda kunawa. Amesimama nyuma ya mlango, uso ukutani, sahani mkononi, anakula wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, haraka haraka. Aliposikia mlango aliifunika kwa ncha ya kitenge. Kisha akaona ni mimi, akashusha pumzi.

"Maman, unafanya nini hapa?"

"Ninakula."

"Si ukule mezani?"

"Bwana yako iko ku meza." Alilisema kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kituo cha basi.

Nilihesabu Jumapili zote zile nikashindwa. "Juu ya nini haukuniambia? Tangu mwanzo, Maman. Ningekuwekea kiti huku."

Alimeza kwanza, taratibu, akajifuta midomo. Hakuonekana kukasirika. "Furaha," akasema, "siku ile nilikuwa nyuma yako na kikapu ya mukate. Nilikusikia unamuambia aangaliye." Akachota wali kidogo, akakirudisha kijiko sahanini. "Papa yako sikumuambia mpaka anakufa. Na miye nikasema, bon, huyu mutoto nikimuambia sipendi kukula mbele ya mukwe, ataniweka mbele ya kioo."

Kutoka mezani mume wangu aliuliza kama chumvi imekwisha. Niliusukuma mlango ukafungika, nikauegemea kwa mgongo, nikageuza uso wangu upande wa dirisha mpaka Mama amalize kula.